Waasisi wa Vazi Jipya

Gari tatu nyeupe ziliingia uchochoro wa Buza ambao hata mkokoteni wa maji hupita kwa kuomba radhi. Ya kwanza iling'oa kamba ya nguo ya Mwajabu, ikasonga mbele na sidiria ikipepea kwenye kioo cha pembeni kama bendera ya nchi isiyojulikana. Ya pili ikatumbukiza gurudumu mtaroni. Ya tatu, iliyombeba Askofu, ikasimama nyuma inapiga honi kwa adabu, pii, pii, kama mtu anayekohoa mlangoni kwa wakwe.

Uwani, Bi Hamisa alikuwa anasaga kunde za bagia. Barazani, mumewe Mzee Hija alikuwa anashona mkeka wa msikiti uliochanika, maana yeye ndiye mtunza mikeka, na cheo hicho hakuna aliyewahi kumgombania. Mzee akachungulia. Akaona suti. Akaona mkoba mweusi wa makaratasi. Miaka sabini na nne, goti moja bovu, lakini alinyanyuka kama jogoo aliyeona kisu, akanyakua birika la udhu, akakatiza uwani kuelekea mlango wa nyuma.

"Baba Rukaiya, wapi tena?"

"Msikitini!"

"Adhana bado saa nzima."

"Nawahi nafasi!"

Bi Hamisa akabaki na kunde mkononi. Mtu ndiye anayetandika mikeka mwenyewe, anawahi nafasi asinyang'anywe na nani?

Hodi ikapigwa. Akaingia Askofu Brightson, meno meupe, viatu vyeusi, na nyuma yake Katibu Mkuu wake, Leodegar, bwana mrefu wa Masasi mwenye sauti ya ngurumo. Nyuma yao wanaume wanne wa suti ambao kazi yao ilikuwa kutazama saa. Wote wakapita kwanza upande wa pili wa uwa, kwenye kibanda cha mabati. Humo Papaa Byamungu, fundi cherehani kutoka Uvira, Kongo, mpangaji wa Bi Hamisa kwa miaka ishirini na tatu, alikuwa amezama kwenye kitambaa cha zambarau mpaka kifuani.

"Shikamoo Baba," alisema Askofu Brightson. "Majoho yatakuwa tayari Ijumaa?"

"Yatakuwa, mutoto wangu. Yote kumi na mbili. Ile ya kwako mi nimeweka kola ya—"

"Amina," alisema Askofu, akageuka kabla kola haijamalizika.

Na hapo ndipo kanisa lao lilipozaliwa, kwenye kibanda kile kile, zamani kikiwa cha kuku. Papaa alikuwa akishona mchana na kuhubiri jioni, mbele ya watu tisa na kuku wawili waliokataa kuhama. Kwa kuwa alikuwa fundi, aliliita Kanisa la Vazi Jipya. Leo lilikuwa na matawi mia moja na sitini, toka Kigoma hadi Mtwara, na makao makuu Ukonga, upande wa pili wa gereza. Waumini wenyewe walikuwa wakisema ukishaliona gereza, jua mbingu imekaribia.

"Tunamtafuta Mama Shemasi Hamisa Kondo," alisema Leodegar.

"Hamisa Kondo ni mie. Shemasi ndiyo kitu gani, kinakaangwa?"

Leodegar akapiga goti moja kwenye maganda ya kunde, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai. "Mama yangu, wewe ni mwasisi wa sita wa kanisa letu." Akaweka kidole. Jina lilikuwepo kweli, kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne, herufi ya kwanza imesimama kama kitanda cha besera na nguzo zake.

Bi Hamisa akakumbuka. Mwaka elfu mbili na moja mgambo walikuwa wakija kila Jumapili kumtoa Papaa mbio, kwa kuwa kanisa lake halikuwa na kibali, na kibali kilitaka raia kumi. Papaa alikuwa na wageni wengi na raia wa kuhesabu. Bi Hamisa alimwambia lete kalamu. Mpangaji aliyetimuliwa halipi kodi, na isitoshe yule bwana alikuwa akimpindia kanga bure. Sharti lake lilikuwa moja tu: Baba Rukaiya asijue. Mke wa mtunza mikeka, mwanzilishi wa walokole! Wangezificha wapi nyuso zao?

"Jumamosi tunakuwa kanisa la kitaifa," Leodegar aliendelea. "Majimbo kumi na mawili, maaskofu kumi na wawili. Katiba mpya hii hapa. Ila ile ya zamani inasema haibadiliki mpaka waasisi watatu walio hai waseme 'nakubali' mbele ya mkutano mkuu, halafu watie saini."

"Nani aliyeweka sharti hilo?"

Leodegar akatupia jicho kibandani. "Baba."

"Na hao waasisi wengine?"

"Wengine wametangulia mbele za haki, wengine wamehama hawajulikani waliko. Mmebaki watatu. Mzee Kasiani, mchonga vinyago wa Mwenge. Wewe. Na wa tatu tunamfuatilia, ila kwa umri wake, mama, ana mbio! Jina lake anaitwa—"

"Shh!" Bi Hamisa akamziba mdomo kwa mkono wenye kunde. Mlangoni alikuwa amesimama Mwajabu, sidiria mkononi, amekuja kudai kamba yake.

"Nani shemasi?" aliuliza Mwajabu. Jirani huyu alikuwa hasomi gazeti kwa sababu gazeti lilikuwa likichelewa.

"Aina ya mchele," alisema Bi Hamisa. "Hawa mabwana wanauza."

Askofu Brightson alipokuwa anaaga alimkabidhi zawadi ya waasisi: Biblia nene, jina HAMISA limepigwa kwa dhahabu kwenye jalada. Bi Hamisa aliipokea kwa mikono miwili, maana kitabu cha Mungu hakikataliwi. Kisha akaizungushia kanga mbili, akaipandisha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la mashuka.

*

Jioni hiyo kazi ya kusoma katiba mpya alipewa Rukaiya, binti yao mkubwa, msusi aliyeachika Tandale akarudi nyumbani na mashine yake ya kukaushia nywele na maneno yake yote. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, mama yake akikaanga bagia.

"Sura ya kwanza," alisoma Rukaiya. "Historia. 'Mwaka 2001, mama mmoja mcha Mungu aitwaye Hamisa, akiwa katika mfungo wa siku ishirini na tisa...'"

"Mfungo gani?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Si Ramadhani hiyo!"

Rukaiya akaziba mdomo kwa karatasi. "'...usiku wa manane aliona mwanga mkuu juu ya banda la kuku.'"

"Koroboi! Papaa alikuwa anashona sare za shule! Nilitoka kwenda kumwambia azime, ataniunguzia nyumba!"

"'Ndipo aliposema kwa sauti kuu: Moto! Moto!'"

Hapo mama na binti hawakuwezana tena. Bi Hamisa aliegemea ndoo akacheka mpaka bagia tatu zikaungua. Rukaiya aliteleza kwenye mbuzi, akakaa chini, miguu hewani. "Nabii wangu," alisema, anapangusa machozi. "Nabii Hamisa wa Buza, niombee mume mwingine!"

"Soma, mwanaharamu we. Papaa wamemwekaje?"

Rukaiya akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Kicheko kikampungua kidogo kidogo. "Yuko mstari mmoja. 'Ibada za mwanzo zilifanyika karibu na fundi mmoja mgeni aliyekuwa akishona jirani.'"

"Fundi mmoja?"

"Jina hawakuandika. Na huku mbele: 'Watumishi wasio raia watapumzishwa huduma ya madhabahuni.'"

Bi Hamisa akaipua karai. Upande wa pili wa uwa cherehani ilikuwa inalia taratataa, taratataa. Akafunga bagia sita kwenye gazeti, akavuka.

"Papaa, hii katiba umeisoma?"

"Nimesoma, Mama Rukaiya."

"Wamekuandika fundi mgeni."

Papaa Byamungu akakata uzi kwa meno. "Si niko fundi? Si niko mugeni?" Miaka ishirini na tatu alikuwa akihuisha karatasi zake za kuishi nchini. Uraia aliuulizia mara moja, akatajiwa ada, akarudi nyumbani akashona suruali mbili.

Bi Hamisa akatazama majoho yaliyotundikwa ukutani. "Kumi na mawili. Na lako?"

"Kitambaa kilikwisha," alisema Papaa, akainama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

"Basi sisaini."

"Aye, Mama! Usifanye vile!" Papaa akasimama na tepu yake shingoni. "Kibali ya zamani inakufa mwisho wa mwezi. Batu bote bale batasali wapi? Mutoto akikomaa, haumubebi tena ku mugongo. Saini tu."

"Na Jumamosi we utakuwa wapi?"

"Nitakuwa nyuma, na sindano. Joho ikichanika mi nashona."

"Hukuomba chochote?"

Papaa akameza bagia moja nzima. "Niliomba kusali. Dakika mbili tu. Leodegar akasema ratiba imejaa."

*

Asubuhi ya Alhamisi Mzee Hija alikunywa chai huku akitazama mlango.

"Wale watu wa suti," alisema, anapuliza kikombe kilichokwisha poa. "Walikuwa wanamtafuta nani?"

"Walikuja kununua bagia," alisema Bi Hamisa.

"Kwa gari tatu?"

"Wana njaa."

Mzee Hija akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyefungua kifungo cha suruali baada ya pilau. Mkewe naye akashusha ya kwake.

"Jumamosi nakwenda Ukonga kidogo," alisema mzee. "Kuna msiba."

Bi Hamisa akapaliwa na chai. "Ukonga? Msiba wa nani?"

"Humjui. Marehemu mwenyewe nilikuwa simjui sana."

"Basi mie nakwenda Mwananyamala kumtazama mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Humjui."

Wakatazamana kwa upendo. Miaka hamsini ya ndoa imejengwa kwa matofali hayo.

Mzee alipotoka, Bi Hamisa alimpigia simu Kasiani. Nyuma ya sauti yake patasi zilikuwa zinagonga. "Shemasi mwenzangu!" Kasiani alipokea kwa kelele. "Wamekuletea kitabu cha dhahabu? Mie cha kwangu nimewaambia wakae nacho, nina cha Padri. Mie Mkatoliki, dada! Nilisaini mwaka ule kwa sababu niliwachongea mimbari wakachelewa kulipa, nikasema kanisa likifungwa namdai nani? Mimbari yenyewe wameivalisha shuka mpaka leo. Wanasema watu niliowachonga wamepandana hawana nguo."

"Sasa Jumamosi utasaini?"

"Mie mkono wangu nimeufunga kwenye wako. Ukiinua, nainua. Ukiuweka mapajani, nakaa hivyo hivyo, wanipe soda."

*

Jumamosi, Ukonga ilitikisika. Maturubai sita, spika kubwa kama makabati, kwaya tatu zikigombea wimbo mmoja. Maaskofu kumi na wawili walikaa jukwaani wamevaa zambarau, na majoho yaliwakaa, lo, kama ngozi ya embe kwenye embe. Katikati alikaa Bi Marietha, afisa aliyetoka kwa Msajili, miwani imening'inia kwenye mnyororo, mihuri miwili mezani kama kisu na uma.

Bi Hamisa aliletwa kwa gari, akapewa mshipi mweupe ulioandikwa MWASISI, akauvaa juu ya baibui. Kasiani alikuwa amekwisha fika, soda ya pili mkononi. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu. Kule nyuma kabisa, karibu na jenereta, Papaa Byamungu alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, suti yake ya bluu ya mwaka wa mgambo, pini nne mdomoni.

Leodegar, naye mmoja wa hao kumi na wawili, akashika kipaza sauti. Sasa huyu bwana, mzaliwa wa Masasi ambaye hajawahi kuvuka hata Ruvuma, akipanda madhabahuni alikuwa akigeuka Mkongo. "Batu ba Mungu!" alinguruma. "Leo ni siku muzuuuri!" Na wachungaji wote wa Vazi Jipya, Wahehe kwa Wasukuma, walikuwa wakihubiri hivyo hivyo. Upako ulikuwa umekuja kwa lafudhi hiyo, na hakuna aliyethubutu kuujaribu kwa nyingine.

"Mwasisi wa pili, Mzee Kasiani!" Makofi. "Mwasisi wa sita, nabii wetu, Mama Hamisa!" Vigelegele. "Na mwasisi wa saba, aliyetupa tabu kumpata, tukamkuta kwa kinyozi amejifunika taulo... Mzee Hija Pazi!"

Pazia likafunguka. Akatoka mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya bulibuli, mshipi wa MWASISI begani, Biblia yenye dhahabu kwapani, anachechemea kwa goti bovu. Akapiga hatua tatu. Akamwona mkewe.

Bi Hamisa akamwona marehemu wa Ukonga.

"Baba Rukaiya?"

"Mgonjwa anaendeleaje?" alisema Mzee Hija.

Kicheko kilimwanzia Bi Hamisa kwenye visigino. Kilipanda magotini, kikazunguka tumbo, na kilipofika kooni hakuwa na mamlaka nacho tena. Alicheka akapinda, akashika kiti, kiti kikashindwa, akaenda chini. Wahudumu wawili wa kike waliokuwa tayari kwa kazi hiyo wakaruka na kanga wakamfunika miguu, kama wanavyomfunika kila mama anayeangushwa na Roho. "Mwache Bwana amtumie!" walisema. Mkutano mzima ukasimama. Watu wakalia, watu wakanena kwa lugha, mwanakwaya mmoja akatupa viatu.

"Ni lini?" alisema Bi Hamisa chini ya kanga, mumewe amemwinamia.

"Mwaka ule ule. Papaa alinikuta kwenye bao. Mtu ana watoto watano, mke wangu, na mgambo wamemtupia cherehani barabarani. Ningefanyaje? Nikamwambia Papaa, ila mke wangu asijue."

"Na mie nikamwambia wewe usijue!"

Wote wawili wakageuza vichwa kuelekea jenereta. Papaa Byamungu akatazama dari la turubai kama mtu anayehesabu nyota mchana.

Bi Hamisa akajikusanya, akajifunga kanga ya wahudumu vizuri kiunoni, akapokea kipaza sauti. Askofu Brightson akasogeza karatasi na kalamu. "Sema tu 'nakubali', mama."

"Nitasema," alisema Bi Hamisa. "Ila kwanza kuna ishu. Humu wameandika niliona mwanga. Mwanga niliouona ulikuwa koroboi." Kwaya tatu zikakaa chini pamoja. "Mie nilifunga siku ishirini na tisa kwa sababu mwezi uliandama. Mie Mwislamu. Huyu bwana wa saba ni mume wangu, anatandika mikeka msikitini. Yule mwasisi wa pili, Mkatoliki. Hivyo basi, waasisi wenu walio hai, hakuna hata mmoja aliyewahi kutoa sadaka hapa!"

"Mie nilitoa mimbari," alisema Kasiani.

"Mama, haya tutayazungumza baadaye," alinong'ona Askofu Brightson.

"Baadaye mie nauza bagia." Akageukia watu. "Nilichokiona mwaka ule ni mtu ameloa mvua, cherehani mgongoni, anauliza kama nina chumba. Alianza kuimba siku ya pili. Siku ya tatu niliamka nami namfuatisha, mie na Uislamu wangu. Hili kanisa limeanzishwa na yule pale aliyekaa kwenye ndoo. Anaitwa Byamungu. Majoho yote haya kayashona yeye, na la kwake hakuna. Kaomba dakika mbili za kusali, kaambiwa ratiba imejaa. Jina lake lirudi kwenye historia, na leo asali. La sivyo kalamu hii hapa." Akaiweka mezani. Kasiani akaweka ya kwake. Mzee Hija, aliyekimbia gari tatu kwa mlango wa nyuma, akainua ya kwake juu ili watu waione, ndipo akaiweka.

Askofu Brightson akanyanyuka kujibu, akapiga yowe "Aiiih!" akakaa, akanyanyuka tena. Kwenye kola ya joho lake kulikuwa kumebaki pini moja. Papaa Byamungu, katika maisha yake yote ya ushonaji, hakuwahi kusahau pini.

"Sheria," alisema Askofu, anajishika shingo. "Sheria inataka raia. Tulikuwa tunalinda kanisa."

Watu wote wakamtazama Bi Marietha. Akavaa miwani. "Viongozi watendaji wawe raia, sawa. Historia haina uraia. Na kusali hakuombewi kibali kwangu. Andikeni kweli, kila sahihisho mniwekee saini pembeni. Na fanyeni haraka, nina harusi saa tisa."

Kutoka viti vya nyuma, bibi mmoja wa siku za kuku akaanzisha wimbo ambao kwaya zilikuwa zimeuacha siku nyingi: *Livue la kale, fundi yuko mlangoni.* Bibi wa pili akadakia. Kisha nusu ya turubai. Leodegar alisikiliza ubeti mmoja. Halafu akavua joho lake la uaskofu, akashuka ngazi, akatembea mpaka kwenye jenereta, akamvisha mzee aliyemfundisha kuhubiri. Leodegar alikuwa mrefu. Papaa alikuja mbele ameshikilia zambarau mikononi kama bibi harusi anayeruka madimbwi.

Askofu Brightson akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza, jina lote kwa herufi kubwa. Bi Marietha akapiga muhuri, dub! Waasisi watatu wakasema nakubali, wakasaini.

Papaa akapewa dakika zake mbili. Zilichukua arobaini. "Mungu, uko muzuri," alianza, "batoto bamekomaa," na hapo hata Askofu akalia, na si kwa pini. Mgeni mmoja wa Mbeya aliyekaa karibu na Kasiani akamgusa bega.

"Samahani braza. Huyu mzee, mbona anamuiga Katibu Mkuu?"

*

Jumapili alasiri Mwajabu aliingia uwani bila hodi, simu mbele kama tochi. "Nimewaona! Mtu na mkewe, mishipi begani! Na mchele mlioniuzia nimeujua! Kamati ya msikiti Ijumaa inataka maelezo."

Papaa Byamungu alisimamisha cherehani. Joho la Leodegar lilikuwa limekwisha rudishwa, limepigwa pasi. Bi Hamisa akamtazama mumewe. Mzee Hija alikuwa anashona mkeka wake, wala goti halikustuka.

"Waambie nakuja," alisema. "Ila waje na faili la msikiti, lile la kuandikisha. Wasome majina kwa sauti. Nakumbuka tulipungua watu wawili. Wa tisa ni Kasiani."

"Kasiani yupi? Huyu wa vinyago? Mkatoliki?" aliuliza Mwajabu.

"Aliomba pilau tu."

"Na wa kumi?" aliuliza Bi Hamisa, tayari visigino vinaanza kumwasha.

"Wa kumi ni Kasiani tena. Kwa mkono wa kushoto."

Mwajabu akavuta kibao cha mbuzi, akakaa. Bi Hamisa hakutafuta kiti. Alikwenda chini pale pale, pembeni ya ndoo ya kunde, anacheka, anapiga ardhi, na hapakuwa na wahudumu wala kanga. Papaa Byamungu akainuka haraka, akavuta kitu chini ya meza ya cherehani, akaja akamfunika.

Ilikuwa zambarau. Ilimfunika toka visigino mpaka shingoni, ikakunjana pembeni, na nyingine ikabaki mkononi mwa fundi. Kicheko cha Bi Hamisa kikapungua. Akaushika upindo, akaupima kwa macho ya mtu aliyewahi kununua vitenge vingi.

"Papaa."

"Mama Rukaiya."

"Si ulisema kitambaa kilikwisha?"

Papaa Byamungu akatazama miguu yake. "Hakuna mutu aliniambia nishone ya kumi na tatu."

Bi Hamisa akanyanyuka, akajikung'uta kunde. "Baba Rukaiya, shika tepu. Mwajabu, we unajua kuandika, andika. Leo fundi anapimwa."

Papaa akasimama katikati ya uwa, akanyoosha mikono pembeni kama alivyokuwa akiwaamuru watu wa Buza kwa miaka ishirini na tatu. Mzee Hija akamzungushia tepu kifuani, namba zake kichwa chini miguu juu, akamgusa mbavu. Na fundi, kwa mara ya kwanza, akajua kwa nini wateja wake wote walikuwa wakiruka: akapiga kelele, akacheka, akaomba basi, na Bi Hamisa akasema hapana, bado mikono.